Shisuli ya Nyumba ya Mawe

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika jiwe wala mwiko. Fundi Mkuu wa ofisi ya majengo ya kale alinisimamisha nje ya nyumba ya mawe ya Mzee Likhanga, karibu na Khayega. Mvua ya alasiri ikaanza, naye akaketi barazani na chai yake. "Zunguka," akaniambia. "Uone maji yanashukia wapi." Nilizunguka mpaka viatu vikajaa. Nilifika kwetu Malinya nimelowa chepechepe, nikamwambia mama kwamba serikali imeniajiri ninyeshewe.

Nyinyi vijana mnaosomea ujenzi mnaanza na kompyuta, na siwaonei wivu, ila macho yenu yangefaidi mvua kidogo. Ile ilikuwa nyumba ya shamba, iliyojengwa na baba yake Mzee Likhanga. Kuta zake ni nene kiasi kwamba watoto hukaa dirishani kama kwenye benchi. Mawe ya pembeni yamechongwa yakanyooka, ya katikati yakaachwa na sura zake. Yameshikanishwa kwa chokaa, si simiti. Chokaa tuliizima wenyewe: unaimwagia maji shimoni, inachemka na kufuka mvuke, kisha unaiacha ilale mpaka ilainike kama siagi. Ukuta wa chokaa hupumua, unyevu ukiingia unapata pa kutokea.

Paa lilikuwa la nyasi, baadaye likawa la mabati mazito. Lina pande nne zinazokutana juu kwenye ncha moja. Hapo kwenye ncha palisimama shisuli, yaani ule mti uliochongoka ambao kwetu huwekwa juu ya paa kuonyesha kwamba nyumba ina bwana wake. Nyumba ilipotangazwa katika gazeti la serikali kuwa urithi wa taifa, hata kubadilisha bawaba ya mlango kukataka kibali.

Nilihamishwa huku na huku. Nilitengeneza stesheni ya zamani ya reli kule Bonde la Ufa, nikaenda Pwani nikajifunza kukata matumbawe, nikaugua malaria na kutamani ingokho, kuku wa nyumbani. Nilirudishwa Kakamega nikiwa Fundi Mkuu mwenyewe, na nyumba ya kwanza niliyokwenda kuamkia ilikuwa ile. Mama Truphosa, mke wa Mzee Likhanga, alinicheka. "Fundi, umezeeka kuliko ukuta," akasema, akaniletea kiti.

Nilikuwa nakaribia kustaafu Mzee Likhanga alipofariki. Tulimzika vizuri. Kisha wazee wa ukoo wakaniita pembeni wakasema shisuli lazima itolewe. Kwa desturi yetu, mwenye nyumba akifa shisuli inashuka. Isiposhuka, paa bado linatangaza kwamba yupo. Wazee hawawezi kuketi kumaliza matanga, na mjane anabaki njia panda, mke wa mtu asiyerudi.

Nilimpigia simu Afisa Mkuu wetu Nairobi, mama mmoja makini tuliyemwita Madam. Jibu lake lilikuwa fupi. "Ncha iko kwenye mchoro, Fundi. Ni sehemu ya jengo. Ukiigusa, kazi yako imekwisha, na hiyo familia itapelekwa kortini."

Kwa hiyo tukakaa. Majuma yakapita. Mama Truphosa hakulia wakati wa mazishi, na hakulia baadaye. Alikuwa akitoka asubuhi, anatazama juu ya paa, kisha anarudi ndani bila kuamkia mtu. Nilianza kuichukia kazi yangu. Nilimpigia Madam tena, nikamwomba aje amweleze mjane kwa mdomo wake mwenyewe.

Alikuja. Mama Truphosa alimkaribisha, akamwandalia chai, akamwacha aeleze sheria mpaka mwisho. Ndipo akasema, "Madam, mimi sina ubaya na serikali. Lakini hii nyumba yenu inanidanganyanga. Kila asubuhi inaniambia mzee yuko. Naangalianga juu, nasema labda nimeota tu, labda ameenda Mukumu atarudi. Nitaomboleza mtu namna gani na nyumba inasema yuko?"

Madam aliweka kikombe chini. Aliomba tochi na ngazi, akasema anataka kuona ncha imeshikwaje. Kwetu mwanamke kupanda juu ya paa ni mwiko, lakini dari iko ndani, wazee wakampisha. Tulipanda darini, mimi nyuma nikishika ngazi. Alimulika kenchi, ile miti inayobeba paa, mmoja baada ya mwingine, kisha akamulika mguu wa shisuli.

"Fundi, mbona kila kitu hapa kimepigwa msumari isipokuwa hii?"

Nilitazama. Mguu wa shisuli ulikuwa umepitishwa kwenye tundu lililochongwa, ukabanwa kwa kabari ya mti. Nilikuwa nimeipaka mafuta kabari hiyo mara nyingi. Nikakumbuka kwamba zamani niliwahi kuinua nyundo niipigilie, Fundi Mkuu wangu akanifokea, "Weka chini! Hiyo hatupigiangi msumari." Nilidhani anabania misumari.

Madam alikaa juu ya boriti na sketi yake nzuri, vumbi na yote. "Aliyeijenga aliijenga itoke," akasema polepole. "Nikiizuia, mimi ndiye ninayeharibu jengo. Nitaandika hivyo. Wakinifuta, mtanipa kipande nilime miwa."

Ndugu wa marehemu alipanda juu ya paa, mimi nikabaki darini na nyundo. Niligonga kabari, ikalegea, shisuli ikavutwa, na mwanga wa jua ukaniangukia usoni. Kule nje nikasikia Mama Truphosa akipiga yowe. Alilia kilio cha mtu aliyekuwa amekibeba muda mrefu. Nami nikalia peke yangu kati ya kenchi, sioni aibu kusema.

Nimestaafu sasa. Lile tundu nililifunika kwa kipande cha bati, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Wageni hulinganisha paa na picha za zamani, wakasema fundi alikuwa mzembe. Nawaacha waseme.

Juzi nilipita kumjulia hali Mama Truphosa. Tulikuwa tumesimama uani, akauliza, "Fundi, na mimi siku yangu ikifika, mtanitolea nini kwa hii nyumba?"

Nilitazama paa, nikatazama mlango, kizingiti, madirisha. Naijua nyumba ile jiwe kwa jiwe, lakini sikupata kitu.

"Mama," nikasema, "wewe hukuwekewa kitu cha kutoka."

"Basi mniache humo," akasema, akaingia ndani kusonga obusuma.