Shamba la Waliokimbia

Domitille hakuwa mtu wa kutulia. Chumba chake cha kupanga pale Katindo, mjini Goma, kilikuwa na kiti kizuri, lakini kompyuta aliiweka juu ya kabati, akaandika amesimama. Mizinga ikisikika upande wa kaskazini alitoka nje, akasikiliza, akarudi, akafuta mstari alioandika na kuuandika tena vilevile. Baba yake, muzee Habarurema, aliishi kambini karibu na Kibati, chini ya turubai, tangu waasi walipoingia kijijini kwao Rutshuru.

Alichokuwa akiandika ni kazi yake ya mwisho chuoni: programu ya kuifundisha mashine kubishana. Mashine ilipewa hoja za pande mbili, ikaangalia ipi inashambulia ipi, kisha ikasema ipi imebaki imesimama, na kwa sababu gani. Kanuni alizoipa hazikuwa kama za hesabu. Zilikuwa kanuni za watu, zinazoshika mpaka zikutane na pingamizi. Na pingamizi lilikuwa na njia mbili: kukataa neno la mwisho la hoja, au kuliacha neno hilo na kukata kamba inayolifunga kwenye sababu yake.

Ilibaki kuijaribu kwa kesi ya kweli. Kesi ilikuwa nyumbani kwao.

Shamba la Habarurema zamani lilikuwa la mume wa jirani yao, Mama Mukamazimpaka. Vita vya mwaka 1996 vilimuua mume, mama akavuka mpaka na watoto kuingia Uganda. Shamba likawa pori, Habarurema akalifyeka, akapanda migomba. Mama aliporudi baada ya miaka mingi akakuta kwake ni kwa mwingine. Walishitakiana kwa chifu, wakapelekana kwa padri. Sasa vita vipya viliwakimbiza wote wawili na kuwatupa kambi moja, na bado walibishana kwenye foleni ya maji juu ya shamba ambalo hakuna kati yao aliyeweza kulikanyaga.

Jumamosi moja Domitille alifika kambini na kompyuta mgongoni, akawaketisha.

"Andika," alisema baba yake. "Mutu akilima shamba miaka mingi bila mutu kumufukuza, shamba ni lake. Chifu mwenyewe alisema."

Akaandika. Mashine ikampa Habarurema shamba. Muzee akapiga makofi.

"Papa, bado. Mama naye hajasema." Domitille akamgeukia mjane. "Mama, miaka ile yote, mbona hukuja kumufukuza?"

"Ningepita wapi, mutoto yangu? Njia yote ilikuwa bunduki. Mutu mwenye kukimbia vita haachi shamba. Anaokoa roho tu."

Domitille akayarudia maneno hayo. Mama hakukataa kwamba Habarurema amelima miaka mingi. Alikata kamba: kunyamaza kwa mtu asiyeweza kuja si kukubali. Akaandika, na hoja ya baba yake ikaanguka.

"Toa hiyo," alisema muzee.

"Siwezi, Papa."

"Wewe ni mutoto ya nani?"

Watu wa mahema ya jirani waligeuka kutazama. Domitille alifunga kompyuta, akapanda pikipiki kurudi mjini, na usiku akaifungua tena.

Programu yake iliruhusu kanuni moja kuwekwa juu ya nyingine. Akaipandisha ya baba yake juu ya ile ya mjane, na shamba likamrudia muzee. Lakini moyo haukutulia. Alizunguka chumbani, akakumbuka habari za wasafiri waliotoka Rutshuru: bwana mmoja, Nshimiyimana, alikuwa akipanda maharagwe kwenye shamba lilelile. Akamwingiza naye kwenye programu, kana kwamba ameshalima miaka mingi. Mashine ikampa Nshimiyimana shamba, kwa kanuni ya Habarurema mwenyewe.

Kesho yake asubuhi alirudi kambini.

"Papa, nani analima kwetu sasa?"

"Mwizi."

"Akilima mpaka mimi nizeeke, si litakuwa lake?"

"Hata kidogo! Mimi sikuacha shamba, mimi nilikim..."

Akamtazama jirani yake. Mama Mukamazimpaka alikuwa karibu akisugua sufuria. Hakuinua kichwa. Domitille alidhani angefurahi kuona hoja imeingia, lakini alitamani ardhi immeze.

"Rudi kwako," alisema baba yake. Tangu hapo hakupokea simu zake.

Januari ya mwaka 2025 vita viliingia Goma yenyewe. Domitille alilala chini ya kitanda, risasi zikitoboa mabati, umeme na maji vimekatika, hajui kama baba yake ni mzima. Kambi zilipoanza kuvunjwa na watu kuambiwa warudi makwao, muzee alitokea mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake alisimama Mama Mukamazimpaka na godoro kichwani.

"Tunapanda kwenda Rutshuru," alisema muzee.

"Mumepatana?"

"Hatujapatana," alijibu mama.

"Lakini kwa Nshimiyimana tutasema neno moja," alisema Habarurema. "Tulikimbia. Ya kwetu sisi wawili itafuata."

"Atasema watoto wake wanakula humo," alisema Domitille.

"Aseme. Tutasikia."

Kule kijijini Nshimiyimana alikataa kuondoka, kisha akaomba avune maharagwe yake kwanza. Walimkubalia, na baada ya mavuno akaondoka. Ndipo Habarurema akapima shamba kwa hatua, akamkatia mama upande wa kijito, akabaki na migomba.

Mama anasema kipande chake ni kidogo, na migomba imesimama kwenye ardhi yake. Muzee anasema migomba ni jasho lake. Kila mmoja anampigia Domitille kwa wakati wake, na wote wawili wanasema neno moja: njoo. Barabara haijatulia. Kila asubuhi anashuka mpaka kituo cha pikipiki, anauliza habari za njia, anarudi Katindo, na kabla ya jua kuzama ameshashuka tena kuuliza.