Mkono wa Kulia wa Bwana Usama

Hebu umuone kwanza akija. Ni Jumamosi, swala ya alasiri imekwisha, na kwenye uchochoro unaoshuka kutoka Wiyoni kwenda ufukweni anatokea Bwana Usama, fundi wa mashine za boti, mtu wa miaka arubaini na mitatu. Kavaa jaketi la kuelea la rangi ya machungwa, kalifunga vifungo vyote vitatu mpaka kidevuni. Chini kavaa kikoi. Miwani ya kuogelea kaipandisha kwenye paji la uso kama daktari. Bahari bado iko hatua mia nne mbele yake, lakini yeye keshajiandaa kuzama.

Katikati ya uchochoro akakutana na punda mwenye mzigo wa mawe. Jaketi limemnenepesha, uchochoro ni ule ule wa siku zote, basi wakatazamana pale, na aliyerudi nyuma hakuwa punda. Halafu kila kibaraza alichopita alisimama, akatoa mkono, akauliza hali ya mzee, ya watoto, ya goti linalouma. Hatua mia nne akazimaliza kwa dakika hamsini. Huo ndio mwendo wa mji wetu, na nakuomba uushike kichwani, maana huko mbele utatutia taabuni.

Sasa nikwambie alikuwa akienda kufanya nini.

Miaka sita Bwana Usama alikaa Maskati, kwenye duka la vyombo vya majini. Aliporudi alisema barazani, "Kule nalishinda na jetski za kusimama, asubuhi mpaka magharibi." Neno hilo ni kweli tupu. Alishinda nazo akizipangusa alama za vidole. Jetski ya kusimama, kwa usiyeijua, si ile ya kukalia kama pikipiki. Haina kiti. Ni nyembamba, ina mkono mrefu wa kushikilia unaopanda na kushuka, na mpandaji huanza akiwa majini: hujivuta kwa kifua kama kobe, kisha magoti, kisha ikishika kasi ndipo husimama. Kasi ikipungua, chombo kinazama kidogo, kinayumba, na wewe unarudi ulikotoka. Haya yote Bwana Usama aliyajua kwa sikio. Muuzaji alikuwa akiwaeleza wateja, naye yuko nyuma na kitambaa chake. Kwa miaka sita mtu husikia mengi.

Yaliyobaki watu wa baraza walimjazia wenyewe. Mara alishindana na watoto wa matajiri akawaacha, mara aliruka akapinduka hewani akatua na kofia yake kichwani. Yeye hakukanusha. Alitabasamu tu kwa unyenyekevu, ule unyenyekevu wa mtu anayeongezwa nyama kwenye sahani.

Ikawa hivyo mpaka alipokuja Ndirangu. Huyu ni kijana wa bara, mwenye duka la simu karibu na gati, aliyeamua kuanza kukodisha jetski za kusimama kwa wageni. Mwenye kuziuza alimwachia mbili kwa wiki moja azijaribu: nyekundu ndefu na ya manjano fupi. Achague moja. Ndirangu akauliza mji mzima nani anazijua, na mji mzima ukamwonyesha mtu mmoja.

"Bwana Usama, ipi ndiyo poa?" akauliza.

"Swali si hilo," akasema Bwana Usama, na hapo mikono akaiweka nyuma, kama muuzaji wa Maskati alivyokuwa akifanya. "Swali ni nani anapanda, na anapanda vipi. Hii nyekundu ni ya mashindano. Ni ndefu, ina uzito, inashika mstari haiuwachi. Hii ya manjano ni ya sarakasi. Inazunguka pale pale ilipo, inaruka, na mpandaji akitaka inapinduka hewani."

"Na asipotaka?"

"Hupinduka vile vile."

"Na kwa mawimbi?"

"Hiyo ni ya tatu, pua yake imeinuka, na hukuletewa. Ni ya nje huko, kwenye bahari kubwa. Hapa mkondoni wimbi letu ni la boti za Mokowe."

"Manze!" Ndirangu akashika kichwa. "Wewe ndiye mwalimu wangu. Mshahara wa kila mwezi, na kofia yenye jina lako. Jumamosi uzipande zote mbili uniambie nichukue ipi, na nikurekodi video ya tangazo, ukipita mbele ya mji bila kuanguka. Video ikitoka safi, kazi ni yako."

Nyumbani, mkewe Bi Twahira alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Babake Razan, wewe umewahi kusimama juu ya kitu hicho?"

"Nimesimama kando yake miaka sita."

"Nimekuuliza juu."

Bwana Usama akaangalia mchele. "Bi Twahira, nikiipata kazi hii sitalala tena chini ya mashine za watu na grisi machoni. Nikiikosa, si kazi tu. Itajulikana. Barazani nitakaa mwisho kabisa, karibu na viatu."

"Basi kikoi kikaze vizuri," akasema Bi Twahira. "Kikoi kina fundo moja tu."

Ndiyo tukamkuta Jumamosi uchochoroni. Ufukweni mabaraza yote yalikuwa yamejaa. Na mbele kabisa, kwenye kiti chake, alikaa Maalim Fuad, aliyemfundisha Bwana Usama kusoma, na kumfundisha vile vile kwa nini mtu husoma akiwa amekaa vizuri. Maalim siku hizi masikio yamepungua, lakini macho yake yanaona mpaka ng'ambo. Asubuhi nyingi huvuka kwenda shambani kwake Kililana, na jioni huwa pale, akihesabu nani kamsalimu.

Bwana Usama akaanza na nyekundu. Akajivuta kwa kifua. Akajivuta kwa magoti. Akabonyeza kidude cha mafuta, kilichoko mkono wa kulia, na wallahi, hakuna aliyeshangaa kumzidi yeye mwenyewe: akasimama! Akapita mbele ya gati amesimama, kikoi kinapepea, fundo linashika, Ndirangu anakimbia juu ya ukuta wa gati na simu yake.

"Asalamu alaikum, Usama!" Maalim Fuad akainua mkono.

Bwana Usama akaitikia kwa mdomo, lakini injini ikaimeza sauti. Maalim akabaki na mkono juu. Basi Bwana Usama akafanya alilofanya maisha yake yote: akauinua mkono wa kulia. Mafuta yakakatika, jetski ikapiga magoti kama ngamia, na mwalimu wa jetski akaingia majini kwa heshima zote.

Akapanda tena. Baraza la pili wakamsalimu. Akaanguka. La tatu wakamsalimu, maana wangewezaje kunyamaza na wa pili wamesalimu? Akaanguka. Kufika mwisho wa mji alikuwa amezama mara tisa, na salamu tisa zimejibiwa.

Ya manjano haikumchosha. Alianguka kabla hajasalimiwa.

"Bwana Usama!" Ndirangu karibu alie. "Si ungeinua mkono wa kushoto tu?"

Baraza zima likamgeukia. Mtu mmoja akasema taratibu, "Astaghfirullah."

"Nimsalimu Maalim wangu kwa mkono wa kushoto?" akauliza Bwana Usama, maji yanamtoka puani. "Mkono wa chooni?"

"Basi tikisa kichwa!"

"Aseme nimeingiwa na mai masikioni?"

Maalim Fuad, aliyekuwa hasikii lakini ameona yote, akagonga fimbo yake chini. "Mmemuona? Angeweza kupita zake. Kijana wa sasa angepita. Yeye kila salamu akajitupa baharini! Hiyo ndiyo adabu. Maskati haikumharibu."

Na mji ukapokea maneno hayo. Jioni ile ile ikajulikana kwamba Bwana Usama ni bingwa hasa, ila akiona mkubwa wake huteremka. Jina lake likapanda juu kuliko alipokuwa hajapanda chochote. Aliyebaki na shida ni Ndirangu, mwenye video ya mtu anayeanguka mara tisa.

"Haya, niambie. Ipi?"

"Chukua nyekundu," akasema Bwana Usama, na safari hii hakusema kwa mdomo wa muuzaji. "Ukiiwachia mafuta haizami mara moja. Inakupa nafasi ya kumaliza 'wa alaikumu salaam'. Ya manjano hukupa 'wa' tu."

"Sawa. Nyekundu. Lakini video bado naitaka, safi. Jumatatu asubuhi ndiyo mwisho, wiki ya kujaribu inakwisha. Usipoweza, nitamleta mtu wa Mombasa."

Bwana Usama akafikiri usiku na mchana, akapata dawa. Wataenda upande wa Kililana, kwenye mkono wa bahari wenye mikoko huku na huku. Hakuna gati, hakuna baraza, hakuna mtu. Bi Twahira akacheka. "Kwa hiyo wanapokuona huwezi kupanda, na unapoweza kupanda hawakuoni?"

"Video itaona," akasema.

Jumatatu maji yametulia kama sinia. Ndirangu kwenye mashua ndogo, simu tayari, amemwonyesha mwanzo na mwisho: kutoka mkoko uliokauka mpaka kwenye boya jeupe. Bwana Usama akajivuta, akapiga magoti, akasimama. Akapita. Mstari umenyooka kama ulivyosimuliwa Maskati. Upepo usoni, goti limelegea vizuri, na kwa mara ya kwanza kitu alichokisema miaka yote kilikuwa kweli hata sehemu ile waliyomjazia. Boya limebaki hatua thelathini. Ndirangu anapiga kelele za furaha, "Shikilia hapo hapo, mwalimu! Usiachie!"

Ndipo mikoko ikaachana kidogo, na pale penye uwazi, ukingoni, amesimama mzee na jembe lake begani, kanzu ameikunja mpaka magotini. Ametoka shambani kuja kunawa miguu. Macho yake yanaona mpaka ng'ambo, na ng'ambo yenyewe ndiyo hapo.

"Asalamu alaikum, Usama!" Na mkono wa Maalim Fuad ukapanda juu, ukabaki juu, ukingoja.

Boya hatua ishirini. Kidole cha kulia kiko kwenye mafuta.

Wewe uliyekaa hapo unayesoma, mkavu, na mikono yako yote miwili haina kazi: ungeuinua?