Doa la Kisigino

Mwaka niliofungua bucha yangu mtaa wa Bondeni, hakuna kitu duniani ambacho kingeweza kunishangaza. Ndivyo nilivyowaambia watu, na niliamini. Nilisoma miaka miwili tu. Lakini nilianza kama mchungaji wa kondoo wa mzungu kule Molo, nikawa nyapara wa wachungaji wote, na kutoka hapo nikajinunulia mizani, msumeno na kulabu bila kukopa mtu. Kondoo elfu mbili walipita mikononi mwangu. Kwato ikioza, nilikuwa naikata kwa kisu mpaka nifike penye nyama nzuri, halafu naichovya kwenye maji ya mrututu, yale mawe ya buluu. Wiki ikiisha, mnyama anakimbia. Mzungu mwenyewe alisema sina mwenzangu.

Mke wangu alikuwa akilima viazi na sukuma wiki miguu peku. Viatu nilimnunulia, akaviweka vya kanisani. Jioni moja alikuwa ananawa miguu, akaniita.

“Baba watoto, hebu angalia hapa. Ni funza?”

Kwenye kisigino cha kushoto palikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya mtama.

“Ni funza amefia ndani,” nikasema. “Lete pini.”

Nilichimba kama kila mtu anavyochimba funza. Ule mfuko mweupe wa mayai haukutoka. Ilitoka damu, na weusi ukabaki palepale. Nikapaka mafuta ya taa, tukalala.

Miezi ikapita, doa likafika ukubwa wa kifungo cha koti. Halikuwa la mviringo. Ukingo wake ulikuwa umeliwaliwa, upande mmoja mweusi tititi, mwingine wa kahawia. Likaanza kutoa maji, na mama watoto akaanza kuchechemea. Alikuwa ananisaidia dukani siku dresa mmoja, mfunga vidonda wa zahanati, alipokuja kununua nyama.

“Mama, mguu una nini?”

“Ni kisigino tu, daktari.”

Akamketisha juu ya kreti, akainua mguu, akautazama mpaka wateja wakasogea kuona.

“Mzee,” akaniambia, “hii usiiguse tena. Alama nyeusi chini ya mguu ikikua, ikibadilika rangi, ikitoa maji, hiyo si funza. Inaweza kuwa kansa ya ngozi. Nakuandikia barua, umpeleke hospitali kubwa wiki hii hii. Ikikatwa mapema, mtu anaweza kupona.”

“Kansa! Wewe ulisomea kufunga bendeji,” nikamjibu. “Mimi nimetibu miguu elfu nane!”

“Ya kondoo, mzee.”

“Afadhali kondoo, hatishii watu!”

Duka zima likacheka. Akaandika barua hata hivyo, akaiweka kando ya mizani. Kabla ya jioni nilikuwa nimefungia mtu maini kwa karatasi ile.

Jumapili nikanoa kisu. Mama aliuma leso, hakulia. Nilikata mpaka penye nyama nyekundu, nikaloweka mguu kwenye mrututu. Kwa muda weusi ulipotea, nami nikatembea Bondeni nzima nikijisifu. Uliporudi nikakata tena. Mara tatu nilikata. Safari ya tatu, akiwa bado ameshika kingo za kitanda, aliniuliza, “Kondoo wako, wote walipona?”

“Wote,” nikasema.

Si kweli. Ambao hawakupona tuliwachinja, na hakuna aliyewahesabu.

Halafu ukatokea uvimbe kwenye kinena, mgumu kama jiwe. Hata hapo nilisema ni mtoki, kila kidonda cha mguu huleta mtoki. Alipoanza kukohoa na kukonda ndipo nilipompeleka hospitali. Daktari aliyekagua ule mguu aliuliza ni nani aliyeukata hivyo.

“Mganga,” nikasema.

Mama alinitazama. Angeweza kusema. Aliinamisha kichwa, akaanza kukunja upindo wa leso yake.

Tukaambiwa mguu unaweza kukatwa ili kupunguza uchungu na harufu, lakini ugonjwa wenyewe umeshapanda. Uko kinenani, uko kifuani. Mama akasema, “Niacheni nao, nizikwe mzima.” Akaishi wiki tano, zote akiwa amelala ubavu, kwa sababu kisigino hakikuvumilia hata uzito wa shuka.

Nimesikia watu wakisema kansa ya ngozi ni ya wazungu na ya ndugu zetu zeruzeru, wanaounguzwa na jua. Hao wavae kofia na mikono mirefu, ni kweli. Lakini sisi weusi hutukuta hata mahali jua halifiki. Kwa hiyo ukiosha miguu, geuza unyayo uuangalie, na wa mkeo pia. Doa likikua au kidonda kikikataa kufunga, peleka kwa daktari. Pini na kisu viache.

Kumrudisha akazikwe kwao, magharibi mwa nchi, nilikodi lori la mahindi. Mwenye lori alitaka shilingi mia tatu. Mdomo wangu ukaanza kuvutana bei wenyewe kama niko mnadani, na nikamshusha bei. Hospitali, sanduku na lori, nililipa shilingi mia tatu na kumi na nne na senti hamsini.