Mbuzi Aliyekula Turubai

Miaka ile ya wakimbizi, maturubai yalijaa Ngara mpaka mbuzi wakayaona ni majani tu. Mbuzi wangu pale Kanazi alikula kona nzima ya turubai la jirani. Na huyo hakuwa mbuzi wa mchezo: ukimkamua, povu linamwagikia Biharamulo.

Mwenyekiti wetu akaja na kisu.

"Huyu anachinjwa leo. Kule Bukiriro, mbuzi waliokula turubai wamekufa wote. Maziwa yao yanapofusha watu."

"Na nyama yake?"

"Nyama haina neno. Sumu inakaa kwenye maziwa."

Bahati yangu, alikuwepo binti mmoja mtafiti, anaandika magonjwa ya mifugo. Akauliza, "Mwenyekiti, uliwaona kwa macho yako?"

"Aa, kaniambia shemeji, muuza pombe."

"Basi siwezi kuandika kwa maneno yako. Namtaka aliyeona. Subiri turudi."

Nikampakia binti kwenye baiskeli, tukaenda kwa muuza pombe. Ile milima, mawingu yalikuwa yanapita chini ya matairi.

Shemeji akaruka. "Wote? Mimi nilisema watano! Nilisikia kwa mchinjaji wa Bukiriro."

Mchinjaji naye: "Watano wametoka wapi? Nilisema mmoja, na sikumwona. Muulizeni mwenyewe, yule bibi mkimbizi wa kibanda cha mwisho."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu."

"Bibi, mbuzi wako aliyekula turubai alikufa?"

Bibi akacheka mpaka kibanda kikatikisika. "Afe nani? Si huyo anakutafuna sketi! Nilisema turubai ndilo limekufa, mvua inanilalia kichwani."

"Na waliopofushwa na maziwa?"

"Maziwa gani, mwanangu? Huyo ni beberu!"

Binti akaandika hivyo hivyo, akamsomea. Bibi akasema, "Ongeza: turubai lingine sijapata." Akaongeza.

Tukateremka bila breki, mimi napiga kelele, "Hajafa! Hajafa!" Watu wakatupa majembe, wakatufuata. Tunafika Kanazi, nyuma yetu kuna kijiji kizima kimekuja kumwona aliyefufuka. Mwenyekiti akasomewa maneno ya bibi mbele ya umati ule, akamfungua mwenyewe mbuzi wangu.

Kesho yake asubuhi wageni kutoka Nemba wamejipanga mlangoni na vikombe. Wamesikia Kanazi kuna mbuzi amefufuka, maziwa yake yananyoosha migongo ya wazee.

Binti akashika kichwa. "Nani kawaambia?"

Wakajibu kwa pamoja: "Mwenyekiti!"