Namna ya Kumwinua Mtu Anayekushukuru

Shangazi yangu ana maneno machache ya Kichina, na yote ameyaokota sokoni Yide Lu: laoban, yaani tajiri mwenye duka, tai gui, yaani ghali mno, na bu yao, yaani sitaki. Kwa maneno hayo amejaza makontena na kuyapeleka Zanzibar mwaka baada ya mwaka. Mimi niliyekuja Guangzhou kusomea shahada ya pili, na ambaye familia nzima huamini kuwa nakijua Kichina, nimewahi kumwona akimaliza biashara kwa bu yao peke yake, akiitamka kila mara kwa sauti mpya. Ndiyo maana nilipoambiwa kwamba laoban wa kibanda cha chini ya ghala letu angepanda kuja kumpigia magoti, jambo la kwanza nililoliogopa lilikuwa neno hilo.

Laoban mwenyewe si tajiri. Kwa Shangazi kila mwanamume mwenye kibanda ni laoban. Huyu ni fundi, mtu wa kabila la Wahmong kutoka milima ya Yunnan, na kazi yake ni kushona midomo ya marobota kwa kicherehani cha mkono kabla mizigo haijachukuliwa kwenda bandarini Nansha. Mama yake aliishi naye hapa muda mrefu akilea wajukuu. Yule bibi hakujua Kichina, sembuse Kiswahili, lakini kila alasiri alipanda ngazi hadi ghalani kwetu, akaketi juu ya robota kando ya Shangazi, akapewa maji kutoka mashine yetu ya maji ya kunywa, ile yenye mtungi kichwani, na wote wawili wakaanza kuwasengenya wapita njia, kila mmoja kwa lugha yake. Sijapata kusikia mazungumzo yenye maelewano kuliko yale.

Kisha bibi akarudi kijijini kwake, na huko akafariki. Simu ilimkuta mwanawe akishona mzigo wetu. Shangazi aliniuliza kilichotokea, nikamweleza, naye hakuuliza tena. Alivua viatu, akatandika mkeka katikati ya maboksi ya midoli, akamkalisha mke wa fundi juu yake, akawapigia simu wenzake. Haukupita muda ghala likajaa wanawake wa Dar na Unguja, na sufuria la wali likawa jikoni. Fundi alisindikizwa kwenda kupanda treni na rambirambi mfukoni, na kwa siku zote alizokuwa mazishini, mkewe na wanawe walikula kwetu. Hatukuzika, lakini matanga tuliyaweka, na yalikuwa matanga hasa, mpaka kukawa na ugomvi mdogo juu ya nani aliyezidisha iliki.

Fundi aliporudi, mke wake alipanda kuniona. Alinieleza kwa Kichina, taratibu, ili nisikose kitu. Kwa desturi yao, maiti huimbiwa njia. Roho hurudishwa nyuma, mahali kwa mahali, kila ilipowahi kuishi, mpaka ilipozaliwa; na katika kila kituo hushukuru kwa maji iliyokunywa na kuni ilizochoma. Wafiwa nao huwapigia magoti wote waliosaidia, wapishi na wachota maji, mmoja baada ya mwingine. Mumewe alikuwa amekwisha kuwashukuru wa kijijini.

"Lakini Mama aliishi hapa pia," alisema. "Maji ya hapa alipewa na shangazi yako. Mume wangu asipomshukuru, hawezi kusema kwamba mazishi ya mama yake yamekwisha."

Nilipeleka habari hizo kwa Shangazi kwa unyenyekevu na, naungama, kwa hotuba kidogo. Naamini kwa dhati kwamba mtu anayekufungulia msiba wake amekuamini kuliko anayekufungulia nyumba yake, na nilisema hivyo. Shangazi alinisikiliza kama anavyosikiliza bei ya kwanza ya muuzaji.

"Mwanangu, hayo yote mazuri," alisema. "Ila kusujudiwa ni kwa Mungu. Mie nikipigiwa magoti na mtoto wa watu, kesho nitajibu nini?"

Nilijaribu kumweleza kuwa si ibada, ni asante. Akasema asante inatamkwa kwa mdomo, na mdomo laoban anao. Basi nikawa kati ya watu wawili ambao wote walikuwa na haki, hali ambayo darasani huwa tunaisifu sana.

Nikashuka kibandani kwao, safari hii kama mwanafunzi. Mke wa fundi alicheka, kisha akanifundisha. Nilijifunza kwamba anayeshukuriwa hasemi "si kitu" wala "usijali", kama tusemavyo sisi kwa adabu, maana ni kama kusema marehemu hakuwa kitu. Nilijifunza kupokea kwa mikono miwili. Nilijifunza kusema ua chau, ndiyo asante yao, na maneno ya pole ambayo, alivyonifafanulia, maana yake ni kwamba ini limekatika. Niliporudi na hilo, Shangazi alifurahi kupita kiasi. Akasema watu ambao uchungu huwakata maini ni watu wa kwetu, wamepotelea milimani tu.

La muhimu zaidi lilikuwa hili: mfiwa akishuka magotini, mgeni, yaani anayeshukuriwa, humwinua. Kushuka ni kwake, kuinua ni kwa mgeni, na mgeni akiwahi mapema hakuna atakayeona vibaya. Niliuliza mapema kiasi gani. Akajibu kuwa muhimu ni asimzuie mlangoni.

Shangazi aliupokea mpango huo kama mtu aliyepunguziwa bei. Magoti yasifike chini, naye atakuwa salama mbele ya Mola wake. Palibaki tatizo la kumshika mwanamume asiye mahramu wake, lakini hilo alilitatua mwenyewe: angejifunika viganja kwa kanga, kama anavyofanya anapopeana mikono na wauzaji.

Tukafanya mazoezi. Mimi nilikuwa fundi. Nilishuka, Shangazi akanidaka viwiko kwa kanga; nilishuka haraka zaidi, akaniangusha juu ya robota la madaftari. Alilalamika kwamba nashuka kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu, hakuna heshima yoyote. Jirani yetu wa Tanga aliyekuja kuazima mizani alitukuta katika hali hiyo, akatutazama, akaondoka bila mizani.

Ijumaa, baada ya sala, fundi alipanda akiwa na shati lililopigwa pasi, mkewe nyuma yake. Kwa desturi anayeshukuriwa hunyweshwa pombe. Nilikuwa nimewaeleza kuwa kwetu haiwezekani, na mke akasema basi yawe maji, tena yale yale. Fundi alikwenda kwenye mashine yetu, akajaza kikombe, akamletea Shangazi. Nilimnong'oneza apokee kwa mikono miwili. Akapokea vizuri sana.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba katika mazoezi yetu yote hapakuwa na kikombe.

Fundi alianza kushuka. Shangazi alikuwa na maji mikononi na kanga begani. Nilimwona akifungua kinywa, nikaisikia "bu" ikitoka, na kwa baraka za Mungu akaimeza sehemu iliyobaki. Akanisukumia kikombe kifuani, kikanilowesha, akaivuta kanga, akajirusha mbele kwa wepesi ambao sijui aliuhifadhi wapi. Alimdaka viwiko. Goti la kulia lilikuwa limekwisha kugusa sakafu. La kushoto lilibaki hewani.

Wakabaki hivyo. Fundi alisema ua chau, akamtaja mama yake. Maneno ya pole niliyomfundisha Shangazi hayakumjia hata moja.

"Inuka, baba," alimwambia kwa Kiswahili. "Mama yako alikunywa riziki yake. Mie nilifungua bomba tu."

Nililitia hilo katika Kichina, mke akalitia katika Kihmong, na fundi akainuka, akiwa bado ameshikwa kwa kanga. Alifuta macho kwa ncha yake bila kuomba ruhusa, na Shangazi akamwachia.

Baadaye, tulipokuwa tumekaa, Shangazi aliniagiza nimuulize mke wa fundi kama goti moja linatosha. Mke alifikiri kwa uzito wote uliostahili. Akasema goti moja ni la mumewe, amekwisha kulitoa. Na lile jingine ni la shangazi yangu, aliyelikamata. Fundi alikubali. Akasema sasa anaweza kusema yamekwisha.

Shangazi alilitazama robota ambalo bibi alikuwa akilikalia.

"Muulize," alisema, "huko bibi anakorudi, hapa ameshapita?"

Niliuliza. Mke alijibu kuwa ameshapita, amebakiza milima.

Shangazi alichukua kikombe kutoka mikononi mwangu, kilikuwa hakina kitu tena, akaenda kukijaza, akakiweka juu ya lile robota. Akasema njia ni ndefu, na hakuna aliye na haraka.