Siku Mbili Mbali na Jiko

Kwa miaka ishirini na moja alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na katika miaka yote hiyo hakumbuki kama aliwahi kukaa chini akala chakula kikiwa cha moto. Aliamka saa kumi alfajiri, akawasha majiko, akakoroga uji kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na uji ukishagawiwa, maharage yalikuwa yanamsubiri. Wanafunzi walimwita Mama Mwiko. Mpaka wali wa watoto mia sita uive, harufu ilikuwa imeshamshibisha. Alikula ukoko amesimama, ameegemea mlango wa stoo, jicho likiwa kwenye sufuria.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mumewe alikuwa fundi wa redio na televisheni, mtu mwema asiye na makuu, ila mdomo wake haukai. Na kwake yeye, kula chakula cha mtu mwingine ilikuwa sawa na kumtukana mkewe. Hata Mama Mwiko alipolala na homa siku tatu, fundi alishindia maziwa na ndizi, akiwaambia majirani kwamba ulimi wake umezoea mkono mmoja tu.

Basi kamati ya shule ilipomzawadia siku mbili katika nyumba ya wageni, yeye na mumewe, kwenye mji mdogo kando ya ziwa, aliikunja ile barua akaitia kifuani, akaenda kuisoma tena chooni. Mji ule ulisifika kwa samaki wa kukaanga na kwa keki ya asali. Hakutaka mengi. Alitaka akae, aletewe, ale, na asijue kabisa kilichotokea jikoni.

"Baba watoto," alimwambia mumewe walipokuwa wakifunga begi, "nina ombi moja. Huko tuendako usimwambie mtu kwamba mimi ni mpishi."

"Kwani ni aibu?"

"Si aibu. Nataka kupumzika."

"Mdomo wangu umefungwa. Hivi," akasema fundi, akavuta zipu ya begi. Zipu ilikuwa mbovu, ikaachia katikati.

Ndani ya basi alijitahidi. Alizungumza na abiria wa jirani habari za nyaya, antena na bei ya betri, lakini habari za mkewe hakuzigusa. Mama Mwiko akaanza kuamini.

Jioni ya Ijumaa waliketi kwenye ukumbi wa kulia, wenye meza saba zilizotandikwa plastiki ya maua na dirisha pana lililotazama maji. Samaki aliletwa mzima, ngozi imekauka vizuri, limau limekatwa pembeni. Alimega kipande cha kwanza, akafumba macho. Kilikuwa kitamu, na utamu wake ulizidi kwa kuwa hakukihangaikia. Alipofumbua macho, mumewe alikuwa ameinua mkono kumwita mhudumu.

"Binti, mwambie aliyepika aje mara moja. Huyu mke wangu unayemwona hapa anapikia watu mia sita kila siku. Ana neno la kumwambia."

"Sina neno," akasema Mama Mwiko, lakini mhudumu alishageuka.

Mpishi akaja, mwanamke kijana mwenye aproni iliyolowa mafuta. Akasimama mbele ya meza, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Shikamoo, mama. Kuna kasoro?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna kasoro. Samaki ni mzuri sana."

"Mwambie ukweli," fundi akadakia. "Chumvi haijaingia mpaka ndani, au siyo? Wewe huwa unamchanja kwanza."

Yule kijana akamgeukia Mama Mwiko. "Unamchanja mara ngapi, mama?"

Angefanya nini? Akamwambia. Kijana akauliza habari ya mafuta, yawe ya moto kiasi gani. Akamweleza. Akauliza kama unga ni lazima. Hadi maswali yanakwisha, samaki alikuwa baridi, na mafuta yameganda kwenye sahani. Fundi, pamoja na ulimi wake wa mkono mmoja, alikuwa ameshamaliza wake na anachokonoa meno.

"Uliniahidi," alimwambia walipofika chumbani.

"Nimesema kibaya gani? Nimekusifu tu." Na hapo hapo akalala, usingizi wa mtu asiye na deni na mtu yeyote.

Jumamosi asubuhi waliwahi duka la keki. Mhudumu alikuwa amewaonya kwamba likifunguliwa saa mbili, saa nne hupati hata makombo. Walikuta foleni ya watu kama ishirini, imeanzia mlangoni ikapinda na ukuta. Harufu ya asali iliyoungua kidogo ilitoka dirishani. Mama Mwiko alihesabu vichwa vilivyo mbele yake, akameza mate, akahesabu tena.

Nyuma yao alisimama mzee mmoja mwenye kofia ya pama, dereva mstaafu wa malori. Haikupita dakika tano, yeye na fundi walikuwa wakicheka kama waliosoma darasa moja.

"Keki ya asali ni keki, sikatai," fundi akasema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Lakini mke wangu hapa, mpishi wa shule..."

Mama Mwiko akamkanyaga mguu. Alichelewa. Mwoka keki, mtu mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi, alikuwa amechungulia dirishani na kusikia yote.

"Mpishi wa shule? Mama, njoo ndani tafadhali. Tanuri langu linaniunguzia upande mmoja, nimeshaita mafundi wawili, hakuna kitu."

Mama Mwiko akamtazama mumewe.

"Nenda tu," fundi akasema. "Nakushikia foleni. Na kipande chako nitakinunua."

Mama Mwiko hajawahi kujua namna ya kumnyima mtu mwenye shida ya jiko. Akaingia. Kasoro aliiona mara tu alipopitisha kiganja kando ya mlango wa tanuri: mpira wa kuziba mlango upande wa kushoto ulikuwa umekwisha na joto linavuja. Ilikuwa kazi ya kuangalia tu, lakini yule bwana hakumwachia. Alimlalamikia unga wa siku hizi, akamlalamikia umeme, akafika mpaka kwa mkwewe anayeuza sukari na kupunja ndugu zake. Trei za keki zilipita juu ya kichwa cha Mama Mwiko, moja baada ya nyingine, zikielekea mbele. Hakuna aliyemkatia hata kona.

Alipotoka, rafu za duka zilikuwa zimebaki karatasi tupu. Fundi na yule mzee walikuwa kwenye benchi la nje, wanafuta vidole.

"Changu kiko wapi?"

"Nilinunua viwili," fundi akasema. "Sasa huyu mzee keki zilimwishia mbele ya macho, nikaona nimpe. Nilijua wewe kule ndani wamekulisha mpaka umechoka."

"Hawajanipa hata chembe."

Mzee wa kofia aliacha kutafuna. Sura ilimshuka. "Mama, nisamehe. Kimebaki hiki," akasema, akamnyooshea kipande kidogo chenye alama za meno.

"Ahsante, baba. Kula tu."

Akatembea kando ya ziwa mpaka adhuhuri, mumewe akimfuata hatua tatu nyuma. Fundi alinunua karanga za sukari, zikakataliwa. Akanunua aiskrimu mbili, yake akaila, ya mkewe ikamyeyukia mkononi ikatiririka hadi kwenye kiwiko. Mama Mwiko aliiona na hakugeuka. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilimtia haya: mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, mwenye wajukuu, amenuna kwa ajili ya keki.

Chakula cha mchana hakula. Alijiwekea njaa kwa makusudi, ili jioni ale kwa nafasi. Alilala kidogo, akaoga, akavaa gauni lake la bluu. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani mlango ulipogongwa. Aliyegonga alikuwa mwenye nyumba ya wageni, anahema.

"Mama, naomba unisaidie. Mtoto wa mpishi wangu ameugua ghafla, yuko naye hospitali. Na sasa hivi imeingia familia ya watu tisa, wana njaa. Nimeambiwa kwako watu tisa ni mchezo."

Nyuma yake, kwenye ujia, alisimama fundi, ametabasamu mpaka magego yanaonekana. "Huyo? Hata jasho halimtoki."

Mama Mwiko alijikuta ameshaanza kukunja mkono wa gauni. Mkono ulikwenda wenyewe. Akautazama, halafu akaukunjua ule wa gauni, akaunyoosha mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Hapana, dada."

"Mama?"

"Nasema hapana. Pole kwa mtoto wa mpishi wako, na pole hiyo inatoka moyoni. Lakini mimi ni mgeni wako. Nimekuja kula. Aliyekwambia ni mchezo ni huyo hapo nyuma yako. Mchukue yeye."

Fundi akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Mwenye nyumba alimgeukia, akampima kwa macho kuanzia juu mpaka chini.

"Baba, viazi unaweza kumenya?"

"Viazi..."

"Twende."

Mama Mwiko akaenda kuketi ukumbini. Watoto wa ile familia walikuwa wanagonga meza kwa vijiko. Kutoka jikoni ilisikika sufuria ikianguka, kisha sauti ya mumewe ikiuliza kisu kiko wapi. Halafu ikaja harufu. Alijua kutokana na harufu kwamba maji yalikuwa machache, na kwamba moto ulitakiwa upunguzwe sasa, sasa hivi. Miguu ilitaka kusimama. Alishika kiti kwa mikono miwili. Mabegani hakuwa amechoka hivyo tangu shule ilipopokea wageni wa mahafali.

Wala haukuwa ushindi wa kufurahia. Habari za kukataa kwake zilikuwa zimeshaenea. "Ndiye huyo mpishi mwenyewe," mwanamke mmoja wa ile familia alinong'ona, na bibi yao akamkata jicho Mama Mwiko, akampa kisogo.

Chakula kilifika saa mbili na nusu: wali uliokuwa na kiini juu na kuungua chini, viazi vya kila umbo, vingine na maganda yake, na mayai ya kukaanga. Fundi aliubeba mwenyewe ule wa mkewe. Shati lilikuwa limemganda mgongoni na kidole gumba kimefungwa kitambaa.

Ulikuwa wa moto. Mama Mwiko akala. Ulikuwa mbaya kwa kweli, lakini njaa ilikuwa ya tangu asubuhi, akaumaliza. Mumewe alifuata kila kijiko kwa macho.

"Vipi?"

"Kaa ule."

"Niambie ukweli."

"Sikuja kusahihisha. Kaa ule."

Akakaa. Akala vijiko vitatu, akaweka kijiko chini. "Viazi vya watu tisa ni vingi," akasema.

"Ndiyo."

"Vya mia sita mnamenyaje?"

"Tuko watatu. Tunaanza saa kumi."

Miaka ishirini na moja, na hilo swali alikuwa hajawahi kuuliza. Mama Mwiko alitaka limfurahishe. Badala yake lilimchoma, kwamba ilibidi kidole kikatwe kwanza ndipo liulizwe. Akaomba chai, akaambiwa gesi imekwisha.

Jumapili asubuhi alikwenda peke yake kwenye duka la keki. Mlangoni palikuwa na karatasi: Jumapili tunapumzika. Alisimama pale kidogo, akaona trei tupu kupitia kioo na mpira mpya kwenye mlango wa tanuri, akarudi kuchukua begi.

Ndani ya basi fundi hakuongea na mtu. Aliulizwa saa, akanyoosha tu mkono wenye saa.

Walifika nyumbani jua likizama. Fundi akafungua mlango, akatua begi, na kwa mazoea akauliza, "Tutakula nini?" Neno lilipokwisha kutoka, akabaki amesimama nalo.

Mama Mwiko aliketi juu ya begi, viatu vikiwa bado mguuni, akaangalia ukuta. Baada ya muda mumewe alichukua funguo, akatoka. Alirudi na mkate na kopo la jemu. Akakata vipande, vinene upande mmoja na vyembamba upande mwingine, kwa sababu ya kile kidole. Akachemsha chai akaitia sukari nyingi mno. Wakala. Alipomaliza kipande cha pili, Mama Mwiko alinyoosha mkono.

"Nipe hiyo jemu," akasema.