Ibada Niliyoisoma Kiongoroni

Harufu ya karafuu maiti ikinipitia puani, hata dukani tu, mate hunikauka. Narudi Kiongoroni, niko darasa la tatu, na mdogo wangu wa siku tisa amelazwa mkekani ndani ya sanda aliyotupatia jirani yetu, Bi Mwajuma. Yeye na wenzake ndio waliomwosha. Wakristo pale kijijini tulikuwa nyumba moja tu, na baba alikwenda mjini kuuza boriti za mikoko, akapotelea hukohuko.

Mama alitaka mwinjilisti aje amzike mtoto. Mwinjilisti alikuwa Kibiti, na boti haiingii Kiongoroni mpaka maji yajae. Tulingoja tangu alfajiri. Jua likapanda, inzi wakaanza kuja.

"Mwanangu, maiti hawekwi," Bi Mwajuma alimwambia mama kwa upole, kama anayeomba radhi. "Tukamsitiri."

Mama hakujua kusoma. Alifungua sanduku, akanipa kitabu cha ibada. "Basi utasoma wewe."

Nisiwafiche, nilivimba kichwa. Nikapekua mpaka nikaona maneno "mtoto mchanga", nikakunja ukurasa.

Kwa desturi ya pale wanawake hubaki nyumbani, wanaume ndio wazikao. Walipotuona mimi na mama tunafuata nyuma walitazamana, kisha wakatupisha. Kaburi lilikuwa likivuja maji ya chumvi. Mzee Salumu, mume wa Bi Mwajuma, aliyachota kwa kata na yakarudi. Nikasoma kwa ile sauti ya shairi la shuleni mbele ya mgeni rasmi, na wazee wale wa Kiislamu wakaitikia "Amin" kila niliposhusha pumzi. Nikafika mahali panapouliza mtoto huyu anaitwa nani.

Alikuwa hajapewa jina.

"Petro," mama akasema.

Mstari uliofuata ulitaka atiwe maji. Ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nasoma ibada ya ubatizo. Nikaacha kusoma. Mama akapiga magoti, akachota maji yale ya matope kwa kiganja, akamtia utosini juu ya sanda, mara tatu.

"Soma, Neema."

Nikasoma mpaka mwisho, nikilia.

Kwa miaka mingi niliamini nimemharibia mdogo wangu mazishi. Nilipokuwa mtu mzima nilimwomba mama msamaha, naye akanishangaa.

"Nilijua tangu ulipoanza. Niliyasikia maneno yale siku uliyobatizwa wewe. Ningekukatiza, angeondoka hana hata jina."

Utotoni niliposikia imani ni kimbilio, niliwaza nyumba yenye paa zima, mvua nje na watu wakavu ndani. Mama yangu sikumwona akikauka. Alisali kila siku na alilia kila siku, na baba hakurudi. Nikamuuliza kama siku ile ubatizo ulimfariji.

"Haukunifariji," akasema. "Lakini ningekwenda wapi?"